Watoro Sita wa Shamba la Kwesinde

Temple Hills, Maryland
20 Septemba 1997

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu, hasa miguu ya Mama. Baba, najua unasoma kwa sauti huku Mama amekaa mkekani anachambua mchele, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa nisije nikasikia malalamiko yako mpaka huku.

Nina habari itakayowachekesha. Hapa karibu, Bladensburg, anakaa mjane mmoja wa Kiingereza, Bibi Oakes. Marehemu mumewe alikuwa mkurugenzi wa mwisho wa Oakes, Thornley na Wenzake. Ndiyo, Baba, kampuni yako ya katani! Ilipofungwa, mzee huyo alihamia Amerika na makaratasi yote. Makasha kumi na tisa yamekaa chini ya nyumba, yamebanana na mashine mbovu ya kufulia. Chuo chetu kule Shaw, Washington, kimekubali kuyapokea, na anayeyapanga ni mimi. Profesa amekubali pia tasnifu yangu iwe historia ya kampuni hiyo. Kwa hiyo nitakuwa daktari wa mambo ya ofisi ya baba yangu.

Sasa sikilizeni. Juzi, ndani ya kasha la nne, nimekutana na mwandiko wa Baba. Ile herufi Z yenye mkia, mistari iliyonyooka kama imepigwa rula! Nilipiga kelele mpaka Bibi Oakes akashuka ngazi kuuliza kuna nini. Nikamwambia, huyu ni baba yangu. Akatabasamu, akaniletea chai na biskuti.

Baba, niandikie. Kampuni hiyo ilikuwa inafanya nini hasa, na wewe ulikuwa unafanya nini? Vitabu vya maktaba vinasema mengi ila havikuwemo mle ofisini.

Mama, ninakula. Acha kuuliza.

Mtoto wenu,
Anitha

Muheza
18 Oktoba 1997

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Barua yako nimemsomea mama yako mara mbili, na pale penye kelele alitaka arudiwe mara ya tatu. Mtoto wa jicho amezidi, sasa anaona mwanga tu. Daktari hataki kumpasua mpaka moyo utulie. Anasema bado hajaamini kuwa unakula.

Umeuliza kuhusu kampuni, nami nakujibu kwa utaratibu. Oakes, Thornley haikuwa na shamba hata moja. Wenye mashamba walikuwa London, wengine wajane na mapadri waliorithi hisa, hawajawahi kuuona mkonge kwa macho. Kampuni ilikuwa wakala wao. Ndiyo iliyoajiri mameneja, ikaleta mashine za korona za kukamulia majani, ikauza katani na kuipakia melini Tanga. Mashamba saba yaliendeshwa kutoka ofisi moja yenye feni tatu. Meneja wa shamba hakuwa na ruhusa ya kununua hata ubao bila kuandika Tanga, na Tanga bila kuandika London.

Mimi nilikuwa karani wa vibarua, Shamba la Kwesinde. Manamba, yaani watu walioletwa kwa mkataba kutoka Njombe, Songea na Kigoma, waliposhuka garini, mimi ndiye niliyempa kila mmoja namba na kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Nilikuwa na miaka ishirini tu, na wazee wakiniamkia. Mkaguzi alikuja kila mwaka, na vitabu vyangu havikukutwa na kosa hata siku moja. Andika hilo kwenye tasnifu yako.

Mama yako anasema uvae soksi.

Baba yako,
Zefania Mhina

Temple Hills
23 Novemba 1997

Baba,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwa sauti. Isome peke yako kwanza.

Nimepata kitabu cha vibarua cha Kwesinde cha mwaka 1951. Tarehe 14 Machi, watu sita wa gengi moja, gengi la reli ya troli, wameandikwa neno moja, wote sita: mtoro. Mwanzoni nilicheka. Watu sita wamekimbia siku moja, hongera yao.

Juma lililopita nikafungua kasha la barua za meneja na ofisi ya Tanga. Agosti 1950 meneja anaomba mbao mpya za daraja la troli. Kampuni inamjibu asubiri, London hawatafurahi. Tarehe 15 Machi 1951 anaandika kwamba daraja limevunjika, troli mbili zimeangukia gengi, na watu sita wamekufa. Jibu la kampuni nakufasiria lote, ni fupi: "Kifo kinataka barua tatu, kwa ofisa wa kazi, kwa waandikishaji wa manamba na kwa London. Utoro unataka neno moja kitabuni. Tunaamini karani wako anaelewa."

Karani ni wewe, Baba. Mwandiko ni ule ule niliousifu.

Namba 1142 ni Elkanah Mtitu, wa Lupembe, Njombe. Unakumbuka nilipojaza fomu za pasipoti? Waliuliza jina kamili la mama. Mama akasema andika Twilumba, inatosha, akatoka nje. Wewe ndiye uliyeninong'oneza: Twilumba Elkanah Mtitu, babake alikuwa wa Lupembe. Ukanionya nisilitamke mbele yake, kwa kuwa mzee huyo alimtelekeza yeye na bibi. Kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu. Kaka hakupewa. Mama alisema hawezi kumwita mtoro kila wakati wa chakula.

Nijibu kitu kimoja tu. Babu alitoroka, au alikufa?

Anitha

Muheza
5 Januari 1998

Mwanangu Anitha,

Mama yako alilazwa siku saba kabla ya Krismasi. Sasa yuko nyumbani. Moyo umevimba, na daktari amesema asishtuliwe kwa jambo lolote.

Barua yako nimeipata. Makaratasi ya Wazungu yana mengi, na walioyaandika wengi hawapo. Wewe soma, upate digrii yako, urudi. Mambo ya zamani hayamsaidii mgonjwa.

Ameuliza mbona safari hii hakuna barua. Nimemwambia posta imechelewa. Andika habari za theluji nimsomee, atafurahi.

Baba yako,
Zefania Mhina

Temple Hills
8 Februari 1998

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, na kwa kutonijibu umenijibu.

Nina hasira, sifichi. Nimepiga simu ya parokiani mara mbili, lakini Mama hawezi kutembea mpaka pale, na anayeitwa kuja kuipokea ni wewe. Chelagat, Mkenya ninayekaa naye, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, ananiambia, "Wewe, si um-recordie mathe wako kaseti umtumie direct?" Nikamjibu redio ya nyumbani ni ya Baba, na kidole kinachobonyeza ni cha Baba. Hapo ndipo nilipoona, Baba. Miaka yote hii hakuna neno langu hata moja lililomfikia Mama bila kupita kinywani mwako. Sijui hata ni mangapi yamefika.

Ninaye rafiki darasani, Marjani, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Anakisema kama kitabu cha shule. Jana tulikuwa tunakula pale U Street, karibu na chuo, nikamweleza yote. Akaweka kijiko chini. "Anitha, wazee wangu walikuwa watumwa, waliandikwa katika vitabu vya namna hiyo, hapo jirani, Maryland. Mwanamume mmoja, umri fulani. Hakuna jina. Ninyi mnalo jina, mna namba, na mna mtu aliye hai ambaye alikuwepo. Mnangoja nini?"

Mama ana miaka sitini kasoro, na moyo wake ni huo uliouandika. Akifa huku anaamini baba yake alimkimbia, mimi sitaweza kukaa meza moja na wewe. Nakupa mpaka Pasaka. Ikifika hujamwambia, nitakuja mwenyewe. Viza yangu haitaniruhusu kurudi huku, na masomo yatakuwa yameishia hapo. Shauri yako.

Anitha

Muheza
12 Machi 1998

Mwanangu Anitha,

Barua hii nimeiandika mara nne.

Alikufa. Wote sita walikufa. Nilikuwapo walipotolewa chini ya majani ya mkonge. Elkanah alikuwa bado anapumua, amemshika nyapara mkono, hataki kuuachia. Meneja hakuwa mtu mbaya, alilia mbele yetu. Siku tatu baadaye barua ikaja kutoka Tanga. Akaniita, akafungua kitabu mbele yangu, akasema, "Zefania, andika." Nikamuuliza niandike nini, akanipa ile barua niisome. Nikaandika. Mkono haukutetemeka. Ningekuwa naweza kukudanganya ningesema ulitetemeka, lakini wewe umeiona mistari. Vipande vyao vya kazi nikavitia kwenye moto wa boila. Tulikuwa tumewazika shimo moja, mpakani mwa kitalu namba tisa cha Kwesinde, hatua arobaini kutoka nguzo ya daraja, na nyapara alikatazwa kuweka hata jiwe.

Mwaka 1953 bibi yako alikuja kumtafuta mumewe, na binti wa miaka kumi na mitano. Walikuwa njiani majuma mawili. Walikaa barazani pa ofisi siku tatu. Siku ya tatu nikafungua kitabu nikawasomea. Bibi yako hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe neno lenyewe liko wapi. Nikaliwekea kidole. Akalitemea mate. Akasema basi yeye si mjane, ni mke aliyeachwa, hatanyoa nywele wala hatakaa tanga. Akarudi Lupembe. Mama yako alikuwa na homa kali, akabaki misheni kwa masista.

Nilianza kwenda kumwona kwa sababu nafsi ilinisuta. Baadaye nilikwenda kwa sababu nilimpenda. Na nilipompenda ndipo nikashindwa kabisa kusema, maana kabla ya hapo ningepoteza kazi tu.

Sasa nakuambia lingine, utulie. Jana nilimsomea barua yako yote, nikamweleza kila kitu. Alilia, akasema yamekwisha. Amenisamehe. Ameomba jambo hili lisitajwe tena, kwa ajili ya moyo wake. Kwa hiyo usimwandikie habari hizi. Usiache masomo. Andika ya kawaida tu.

Baba yako,
Zefania Mhina

Temple Hills
11 Aprili 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kesho ni Pasaka. Baba ameniomba nisikuandikie habari za babu, lakini umelia kwa ajili yake nami sikuwepo kukushika mkono. Siwezi kuandika habari za theluji.

Nataka uyasikie na kwangu. Babu Elkanah hakuwakimbia. Daraja la troli lilivunjika, lilikuwa limeoza na kampuni ilijua, akafa yeye na wenzake watano. Kampuni haikutaka kuandika barua za vifo, ikaamuru waandikwe watoro. Nimesoma hayo kwa macho yangu. Alikuwa amebakiza siku kumi na moja amalize mkataba wake arudi kwenu. Mama, alikuwa anakuja.

Jumapili iliyopita tulimkalia tanga hapa nyumbani kwangu. Watanzania wa huku walikuja, Walutheri, Wakatoliki, hata Mzee Khalfan, dereva wa ubalozi, alileta pilau sufuria nzima na dua akasoma. Nilisimama nikalitaja jina lake mbele ya watu. Nililia, lakini niliona raha, sina neno lingine.

Nashukuru Baba alikwambia mwenyewe. Mimi bado naona uchungu naye, na wewe uliyeumizwa umeshamsamehe. Mama, umemsamehe kweli, au ni kwa ajili ya amani ya nyumba?

Mwanao anayekupenda,
Anitha

Muheza
16 Mei 1998

Mwanangu Anitha,

Anayeandika ni Benadetha, mtoto wa marehemu wifi yangu, mwalimu. Amehamishiwa shule ya hapa tangu mwezi wa nne. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyanyooshe.

Barua yako ya Pasaka ilifika baba yako akiwa Tanga kunichukulia dawa. Benadetha alipitia posta akaileta. Nikamwambia soma, kwa nini tumngoje mtu. Akasoma vizuri mpaka penye daraja, pale akaacha kusoma. Nikamwambia endelea. Nilimtaka arudie mara tatu.

Mwanangu, ulidhani unanipa pole. Mimi nilikuwa sijaambiwa kitu. Baba yako hakunisomea barua yoyote mwezi wa tatu, hakuniambia neno, sikulia na sikusamehe. Alikaa kando yangu siku mbili akikohoa kohoa, nikamwambia anywe tangawizi. Labda alitaka kusema akashindwa. Nakuambia hivi ili ujue, si ili ujilaumu. Ungenyamaza ningekufa mjinga. Na moyo haukusimama. Yule daktari haujui moyo wangu.

Alirudi jioni na dawa mkononi. Benadetha alikuwa ameshika bahasha yako. Nikasikia dawa zinaanguka, kisha akakaa chini pale pale mlangoni. Sikumpigia kelele. Nilimwambia, Baba Anitha, Jumamosi unipeleke.

Tulikwenda kwa gari la parokia. Mkonge umeng'olewa, watu wamelima mahindi. Nguzo ya daraja ipo. Alihesabu hatua kwa sauti, akapotea njiani, akarudi kuanza upya. Kisha akanishika mkono akauweka chini. Udongo ulikuwa na maji maji. Nikamwambia aondoke, aende mbali nisimsikie.

Nikamwomba baba yangu radhi. Tangu msichana nimemwita mtoro. Kila niliponyonyesha mtoto nilisema, mimi sitakuwa kama yule. Hayo yote nikamwambia. Nikamwambia na majina yenu, mmoja mmoja, maana hakuwajua. Mwenye shamba akaja kuuliza tunatafuta nini. Nilipomweleza aling'oa mahindi yake mistari miwili, mabichi vile vile, akasema hapo hatalima tena. Sikuweza hata kumshukuru, nilikuwa nalia.

Nyumbani tunaishi. Ananiletea maji ya kunawa, napokea. Anapika uji, nakunywa. Kuzungumza bado. Barua nitasomewa na Benadetha.

Umeniuliza kama nimemsamehe. Aliyonifanyia mimi, nadhani nitamsamehe, kidogo kidogo, tukijaliwa siku. Alikuwa kijana na Mzungu amemsimamia. Hata woga wake wa baadaye naweza kuuelewa, ameishi nami vizuri miaka arobaini na moja. Lakini mwaka wa sabini mama yangu alikuja kuugulia hapa kwetu, akafia kwenye kitanda hiki ninacholalia. Siku ya mwisho alimlaani mume wake. Aliomba huko aendako Mungu asiwakutanishe. Baba yako alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamshikia kikombe cha uji, anasikia. Hakusema kitu. Akampa uji, akamfuta mdomo. Hilo si langu kulisamehe, mwanangu, na mwenyewe hayupo.

Mama yako,
Twilumba